Siku Ambayo Fundi Alikunywa Maji

Ua wetu kule Kimisagara, mtaa wa mlimani, una milango mitatu. Mmoja ni wangu, ninapoishi na mdogo wangu wa kike. Wa pili ni wa bibi mwenye nyumba. Wa tatu ni wa Fundi, mshonaji, ambaye cherehani yake ndiyo inayotuamsha asubuhi. Sisi wanawake ni Wakatoliki tuliokulia Bujumbura. Fundi ni Mwislamu, na babu zake wa upande mmoja walikuja huku na biashara kutoka pwani, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka mpaka ukimjibu unajikuta umekaa vizuri kwenye kiti. Mkewe wakati huo alikuwa kwao, anamuuguza mama yake.

Ikifika Ramadhani, ua wetu una adabu zake. Hakuna anayekaanga dagaa mchana. Anayekula, anakula ndani na mlango ameurudisha. Na kazi nzito, kama kupandisha gunia la makaa au majerikani ya maji, hatumwiti Fundi, ingawa miezi mingine yote yeye ndiye trekta letu. Hakuna aliyetupangia hivyo, ilikuja yenyewe, na tulijivunia, nisiwadanganye. Bibi alikuwa akiwasimulia mpaka wenzake wa kanisani.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, na mfungo ulikuwa unaelekea ukingoni. Asubuhi ya umuganda watu wote wanatoka kwa kazi ya pamoja: maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti, mji umetulia kabisa. Watu wa upande wetu walikuwa wameteremka mbali, ng'ambo ya bonde, kuzibua mtaro. Bibi alibaki kwa sababu ya magoti yake. Mimi nilibaki kwa sababu ya mdogo wangu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mume wake dereva wa lori yuko njiani kutoka Dar, na daktari alikuwa ametuambia kondo la nyuma limekaa chini, kwenye njia ya mtoto, tukiona damu tusingoje hata kuvaa viatu.

Fundi naye alikwenda na sepetu yake, lakini hakukaa. Alirudi amenuna. Wenzake walimnyang'anya sepetu wakamwambia amefunga, akapumzike. Na kweli uso wake ulikuwa umekwisha. Wiki ile alikuwa anashona nguo za Idi usiku kucha, na alfajiri hiyo usingizi ulimchukua hapo hapo kwenye cherehani, daku ikampita. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Haikuchukua muda nikasikia, "Dada."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele nisingeogopa vile. Nilimkuta mdogo wangu ameshika ukuta wa bafu, na damu inateremka mguuni mpaka kwenye ndala.

Nilipiga simu ya ambulensi. Wakaniambia gari linakuja, lakini litasimama juu barabarani, kwa sababu huku kwetu hakuna njia ya gari, ni vichochoro na ngazi tu, na ngazi zenyewe zimesimama wima. "Mleteni juu," wakasema. Mleteni! Nani amlete? Nikampigia jirani aliyekuwa umugandani, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikampigia mwingine, hivyo hivyo. Wako kwenye matope, wanaimba, nani atasikia simu mfukoni?

"Fundi yupo," nikasema.

Bibi akanishika mkono. "Usimguse. Fundi iko na funga, na hata daku hakukula. Utamwua."

Na mdogo wangu, amelala chini kwenye mkeka, midomo imeanza kupauka, naye akasema, "Dada, usimsumbue mtu amefunga. Tafuta wengine."

Nikatoka mbio kutafuta hao wengine. Niligonga mlango wa kushoto, kufuli. Wa kulia, kufuli. Nikapanda mpaka kwenye kona ya muuza ndizi, nikamkuta mama mwenyewe peke yake, mtoto mgongoni. Nikarudi natweta, nikakuta kitenge tulichomwekea kimelowa chote na bibi anakunja kingine. Nikamwangalia mdogo wangu. Macho yake yalikuwa yanatafuta dari.

Hapo ndipo niliporipuka. "Wewe unakufa huku unawaza funga ya mtu!" Nikaenda kwenye mlango wa Fundi, sikubisha hodi, niliupiga ngumi.

Alifungua na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akatazama nyuma yangu, akaona. Alirudi ndani akatoka na kiti chake cha mbao, kile cha wateja, na kitambaa kirefu cha bitana. Tulimkalisha mdogo wangu, Fundi akamfunga kiunoni na kifuani kwa kile kitambaa, haraka, kwa vile vidole vyake vilivyozoea, mpaka akawa hawezi kuteleza. Kisha akasema, "Ninyi shikeni juu, mgongo wa kiti. Mimi niko chini."

Chini ndiko kwenye uzito. Aliyewahi kupandisha kabati ngazini anajua. Mimi na bibi tulishika mgongo wa kiti tukawa tunapanda kinyumenyume, Fundi ameshika miguu ya mbele, yeye na mdogo wangu wanatazamana uso kwa uso. Bibi alikuwa ametia chupa ya maji ya mgonjwa kwenye mkunjo wa kitenge chake. Magoti yake yalikuwa yanalia, nami niliyasikia, na bado alipanda.

Jua lilikuwa limetoka kwa hasira baada ya mvua za usiku. Kwenye ngazi za kwanza tulikwenda vizuri. Tulipofika kwa muuza ndizi, jasho lilikuwa linamtiririka Fundi kidevuni na hawezi kulifuta. Bibi akasema, "Baba, kunywa maji. Mungu anaona."

"Pandeni," akasema Fundi.

Nataka mwelewe jambo moja. Mtu huyu hakuwahi kuacha siku hata moja tangu alipoanza kufunga akiwa mtoto. Tulikuwa tunamtania kwamba hata malaria inamwogopa Ramadhani. Ilikuwa fahari yake, na hana fahari nyingine: hana gari, hana nyumba, koti lake moja. Na sasa zilibaki siku chache tu amalize mwezi mzima.

Juu ya kwa muuza ndizi, ngazi zimevunjika. Upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro mtupu, na ukianguka humo hakuna kitu cha kukushika. Tulikuwa katikati ya hapo nilipohisi kiti kinavutwa chini. Nikatazama. Midomo ya Fundi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Kiti kikainama upande wa mtaro, mdogo wangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na bibi akaanza Salamu Maria kwa Kirundi. Mimi nilimtukana Fundi. Ndiyo, nilimtukana. Nilimwambia, "Ukimwangusha nitakuua!"

Fundi akajibana ukutani, akapandisha goti lake akalitia chini ya kiti, kiti kikatulia juu ya paja lake.

"Nipeni maji," akasema.

Mdogo wangu ndiye aliyemjibu, kwa sauti ndogo. "Usinywe, Fundi. Zimebaki chache."

Fundi akamtazama. "Saumu nitailipa," akasema. "Wewe nitakulipaje?"

Bibi akamnywesha, kwa sababu mikono ya Fundi haikuwa huru. Alikunywa chupa nzima, koo linapanda na kushuka, maji mengine yanamwagikia shati, na macho ameyafumba. Muuza ndizi, aliyekuwa anatutazama kutoka chini, akapanda mbio na mwanawe mgongoni, akammenyea ndizi akamtia mdomoni kama mtoto. Akala. Akatafuna huku machozi yanamtoka, nasi tukajifanya ni jasho.

"Haya," akasema. "Tumalize."

Tukamaliza. Sijui tulimalizaje, ile sehemu ya juu imenitoka kichwani. Nakumbuka tu rangi nyeupe ya lile gari, na watu wa umuganda wanakuja mbio na matope yao, simu zimewaamsha sasa, mikono kumi inapokea kiti mara moja. Mdogo wangu akaingizwa garini. Fundi akakaa chini, pale pale pembeni ya lami, akanigeukia. Kumbe alikuwa amejaa hasira muda wote.

"Damu ilianza saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na mimi niko ndani, ukuta mmoja tu. Mlikuwa mnaogopa kunigongea mlango?"

"Tulikuwa tunaheshimu funga yako."

"Heshima gani hiyo ya kuniachia maiti mlangoni?" akasema. Wakaniita, nikapanda kwenye gari na maneno hayo.

Walimpasua mdogo wangu mara tu tulipofika. Daktari alitoka akaniambia amepona, na mtoto wa kike amepona, ila tungechelewa kidogo tu angekuwa na maneno mengine ya kuniambia. Nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Idi ikaja, ikapita. Nguo za watu zilikwenda kwa wenyewe. Fundi alirudia chai yake ya tangawizi, ile anayokunywa mchana kutwa, na habari ya siku ile hakuigusa tena. Kisha asubuhi moja, mdogo wangu amekaa mlangoni ananyonyesha, akaniambia polepole, "Dada, leo Fundi hajachemsha chai."

Nikasikiliza. Cherehani inakwenda, lakini birika kimya. Siku yake anailipa leo, na hakumwambia mtu.

Nilikuwa nimeshika kikombe changu cha uji. Nikakiweka chini. Sikumwambia mtu nami. Nikajisemea, siku moja tu, itanifanya nini? Jamani! Ilipofika mchana nilikuwa namchukia kila mtu. Niligombana na muuza sabuni, niligombana na paka. Nilinusa ugali wa jirani nikataka kwenda kumpiga jirani. Bibi naye nilimwona ameingiza jiko lake ndani bila kuliwasha, anapitapita uani bila kazi, mkali kama pilipili, nikadhani ni magoti.

Jua lilipozama, adhana ikasikika kutoka ng'ambo. Fundi akatoka na kikombe chake cha maji, akakaa kwenye kile kiti cha mbao, ambacho alikuwa amekisugua mpaka kikatakata. Nikatoka na kikombe changu. Mlango wa bibi ukafunguka, naye akatoka na chake. Tukawa tunatazamana na vikombe vyetu, wote watatu, midomo mikavu.

"Na wewe?" nikamwuliza bibi.

"Kwani peke yako uko na roho?" akajibu.

Mdogo wangu akaja na mtoto begani na sahani ya ndizi. "Mimi ninanyonyesha," akasema, "nimekula kwa niaba yenu wote." Akamwekea Fundi mtoto mapajani, akammenyea ndizi ya kwanza yeye mwenyewe.

Fundi alitutazama mmoja mmoja. Akamvuta mtoto kifuani. Lakini aliposema, sauti ilikuwa ile ile ya kando ya lami, ya hasira.

"Nimekula daku peke yangu kama mchawi," akasema, "na kumbe ninyi mnafunga nami, ukuta mmoja tu. Bado mnaogopa kunigongea mlango?"