Fataki Ndani ya Kopo la Samli

Jumamosi za Stechford, mtaa wetu huku kwa Waingereza, zilikuwa za mume wangu, Saidi, na jirani yetu Donal. Mimi nikifua, wao walijifungia kwenye kibanda cha uani kwetu wakijaza risasi. Nikiwasimulia watu wa kwetu Unguja hunitazama kana kwamba niliolewa na jambazi. Walikuwa mafundi wa kiwanda cha vyuma na wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, kila mmoja na bunduki yake na kibali chake. Risasi za dukani zilikuwa ghali, basi waliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakayajaza upya.

Sikuwa na hamu na mambo yao, lakini mpeleka chai husikia mengi. Kitakoni mwa ganda hukaa fataki, kikombe cha shaba kidogo kama punje ya dengu. Pini ya bunduki ikiigonga hutoa cheche, cheche ikawasha baruti, risasi ikaenda zake. Donal alikuwa mkali juu ya fataki kuliko padri wake juu ya dhambi. Kila aina ikae ndani ya boksi lake lenye jina lake, kila moja kwenye kitundu chake, wala zisimwagwe pamoja, maana moja ikishtuka huzishtua zote.

Msimu mmoja fataki za kawaida ziliadimika. Duka la mjini lilibaki na zile kali, za bunduki kubwa za kuwindia, na Donal akanunua hizo.

"Hatuwezi kubadilisha fataki tukaacha baruti ileile," alimwambia Saidi. "Tunarudi chini, tunaanza upya."

Walishinda kutwa wakipunguza baruti na kupima. "Bwana huyu anapima kama bibi harusi anayepika ukweni siku ya kwanza," Saidi aliniambia. Nikamfasiria Donal kwa Kiingereza, naye akacheka mpaka ikambidi aiache mizani.

Wiki ile ile mabomu yakalipuka katikati ya mji, kwenye baa zilizojaa vijana. Watu wengi walikufa, na lawama ikawaangukia Waairishi. Nilipoona kwenye televisheni viatu vimelala peke yake juu ya vioo, niliizima. Nilikuwa nimekimbia vita moja nikadhani nimemalizana nayo.

Kiwandani watu waliokuwa wakinywa chai na Donal walimtemea mate. Walisema hawafanyi kazi na Mwairishi. Dirisha lake lilivunjwa kwa tofali, na mkewe, Nora, aliogopa kwenda dukani kwa sababu ya lafudhi yake. Nikawa namnunulia mkate mimi. Hebu fikiria, mimi na buibui langu ndimi niliyekuwa salama Stechford!

Siku chache baadaye Saidi alirudi kutoka kazini mapema, rangi imemtoka.

"Mama Maryam, polisi wanasearch nyumba. Wameshafika Hodge Hill, mtaa wa jirani."

"Wanapekua za Waairishi. Sisi Waairishi?"

Alikwenda moja kwa moja kibandani, akarudi amekumbatia maboksi yote ya fataki, za kawaida na zile kali. Akachukua kopo la samli nililoliosha ili nitilie mchele, akazimimina zote humo. Kopo akaenda kulificha kibandani, maboksi akayatupa kwenye moto wa makaa sebuleni.

"Baba Maryam! Donal kasema zisimwagwe pamoja!"

"Donal hakuwapo Unguja."

"Na hayo maboksi yana muhuri wa duka. Si ndiyo yanayoonyesha zimenunuliwa kihalali?"

"Mtu akija kukupekua, karatasi haikutetei," alisema. "Karatasi ndiyo inayokutoa roho."

Nilijua alikoyatoa maneno hayo. Wakati wa mapinduzi, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa mama mkwe wangu wakakuta picha ya shemeji yangu, nduguye Saidi, amesimama na wakubwa wa serikali iliyoanguka. Picha tu. Walimchukua na kanzu yake ya kulalia, na hadi leo hatujui alizikwa wapi. Tangu hapo, Saidi akisikia neno kupekua, huanza kuchoma. Hata barua za mamaake aliwahi kuzichoma.

Polisi walikuja kesho yake asubuhi. Walianza kwa Donal. Kwa kuwa nyumba zetu zilishikana ukuta, tulisikia droo zinavutwa na Nora analia. Kisha mlango wetu, uliofungukia sebuleni, ukagongwa.

Donal alisimama katikati ya askari wawili, hana koti. Nusura atabasamu, kwa sababu aliamini jibu lake liko kwetu. Walikuwa wamekuta risasi alizojaza mwenyewe na walitaka kujua vitu vyake vinatoka wapi.

"Saidi, waonyeshe maboksi ya fataki," Donal alisema.

Saidi alirudi nyuma, akaegemea ukuta.

Askari mmoja alikwenda kibandani, akarudi na kopo.

Akalitikisa.

Nilisikia fataki zinagongana ndani.

"Please," nilimwambia, "don't shake it."

Alinitazama, akaliweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto. Mwenzake, ambaye alionekana kujua bunduki, alifungua mfuniko, akachagua fataki moja, akachagua nyingine.

"Hizi ni aina mbili. Kwa nini mlibadilisha mkachukua zilizo kali?"

"Zetu zilikosekana dukani," Donal alisema. "Tukapunguza baruti ili zisilete madhara. Boksi lina jina la duka na jina la fataki. Muulizeni mwenye duka."

"Boksi liko wapi?"

Donal alimgeukia mume wangu. Alimwangalia usoni, kisha akaangalia moto wa makaa. Nilimwona anaelewa.

"Sema," nilimwambia Saidi kwa Kiswahili. Kisha nikamwita kwa jina lake tupu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu anioe. "Saidi, sema!"

Midomo yake ilitikisika. Haikutoka sauti.

"Niliyachoma mimi," Donal alisema.

Walimchukua. Kopo walilitia ndani ya ndoo ya mchanga, wakaondoka nalo.

Nilimvalisha Saidi koti kwa mikono yangu, nikamburura mpaka kituo cha polisi. Alifika ngazini akaketi. Niliingia peke yangu, nikasema aliyechoma ni mume wangu. Askari wa kaunta akaniuliza mume wangu yuko wapi, mbona hakuja kusema mwenyewe. Nilipotoka kumwita, ngazi zilikuwa tupu.

Donal aliachiliwa pale mwenye duka alipokumbuka kumuuzia zile fataki. Alirudi amekonda. Alifutwa kazi, klabu ikamfutia uanachama. Baada ya muda mfupi, gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba yao. Walikuwa wanarudi Ayalandi, kwenye kijiji ambacho Donal alikikimbia kwa kukosa kazi.

Siku hiyo Saidi alitoka nje. "Kwa nini hukuwaambia ni mimi?" alimuuliza.

Donal alifunga kamba ya godoro kwanza.

"Mimi wangenirudisha kwetu," alisema. "Wewe wangekurudisha kwenu."

Nikamkumbuka shemeji yangu. Nora alinikumbatia, gari likaondoka.

Saidi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa baba mzuri na mume mpole, na wakati wa ugonjwa wake wa mwisho nilimuuguza kwa mapenzi yote. Mara kwa mara alisema polisi walimwonea Donal, na kila mara nilimwitikia kuwa ni kweli. Unguja tulimpoteza shemeji yangu na hatukuwa na la kufanya. Huku tulimpoteza Donal kwa neno moja ambalo mume wangu alishindwa kulisema mlangoni mwake mwenyewe. Najua kilichomfunga mdomo, maana nilikuwapo Unguja na mimi. Nilimwonea huruma hadi namzika. Kumsamehe, sikuweza.