Mama Kui na Sahani ya Malakisi

Huko Kitale, ukiuliza kina mama wa kanisa ni nani kati yao mwenye moyo wa kusamehe, watakutajia Gladwell Nyaguthii, Mama Kui, muuza vitunguu. Ukimkanyaga sokoni, yeye ndiye anayekuuliza kama umeumia. Kwa hiyo siku ile alipoweka chini sahani ya kuku kule Malakisi bila kuonja, mumewe Kimotho alidhani ameona nzi.

Ulikuwa mwaka wa 2006. Walikuwa wamekodi pikapu kwenda kuona kwao Wamalwa, kijana aliyetaka kumwoa binti yao Kui. Vijana hao walijuana soko la Chwele, Kui akichagua vitunguu vya mama yake, Wamalwa akivipakia, mpaka Gladwell akaanza kushangaa kwa nini vitunguu vinachukua siku nzima kupakiwa.

Njiani alikuwa na furaha, kwa sababu kazi ngumu alikuwa ameshaimaliza nyumbani. Baba wa kijana, Mzee Wekoye, alikuwa mkulima wa tumbaku. Gladwell, ambaye hata ugoro haukuruhusiwa kuvuka mlango wake, aliliombea jambo hilo wiki nzima, akamsamehe mzee kabla hata ya kumwona sura. Alidhani amepanda mlima. Kumbe kilikuwa kichuguu tu.

Walipokelewa kwa nyimbo na vigelegele. Fridah, mke wa Wekoye, akapitisha maji ya kunawa, kuku akaletwa. Sasa, kwa Wabukusu kuku wa mgeni ana maana yake. Mkwe akimla, amekubali undugu. Akimwacha, watoto watafute kwingine. Hata Wakikuyu wa Kitale wanalijua hilo, na Kimotho alikuwa ameshamwambia mkewe, "Mama Kui, hata ukiwa umeshiba, kula." Yeye mwenyewe alitii haraka sana.

Barasa, ndugu yake Wekoye na msemaji wa ukoo, akasimama kutambulisha watu.

"Na huyu ndugu yangu," akajigamba, "msimwone hivi na gambuti za shamba. Huyu alikuwa jeshi. Jeshi la anga, bana!"

"Barasa, keti," Wekoye akasema.

"Nikae kwa nini? Si ni ukweli?"

Gladwell akauliza polepole, "Ulitoka lini, mzee?"

"Themanini na mbili, mama. Walitutoa sisi sote."

Hapo ndipo sahani ilipotua mezani. Kimotho alikuwa na paja la kuku mdomoni. Akashindwa kutafuna, akashindwa kutema.

"Wakwe zangu, mnisamehe," Gladwell akasema. "Hii mambo siwezi kumeza mpaka niseme."

Akasema. Mwaka huo walikuwa wakiishi Nairobi. Jumapili ile wanajeshi wa anga walipoiasi serikali, Kimotho alikuwa zamu ya usiku kiwandani, na nyumbani hakukuwa na redio. Gladwell akamfunga Kui mgongoni kwa leso, akatoka mapema kwenda kanisani. Alisikia milio, akadhani ni radi. Kwenye kona akakutana na wanaume wa magwanda, bunduki mkononi, pombe inanuka. Mikono juu, kila mtu! Akainua. Alipoinua, leso ikalegea, na mtoto akaanza kuteleza.

"Nikawaza, nikishusha mikono wataniua. Nisiposhusha, mtoto anaanguka kwa lami. Nikashusha. Mmoja akanipiga hapa begani na kitako cha bunduki. Lakini nilifunga leso kwanza, ndiyo nikaanguka."

Kui, aliyeketi nyuma yake, akaruka. "Mama! Si ulituambia bega uliumia ukibeba gunia?"

"Nilitaka mlale vizuri."

Tangu siku hiyo Gladwell aliwaombea watu wote, wezi na walevi wakiwemo. Akifika kwa wanajeshi, alikohoa kidogo akaendelea na wengine.

Wekoye alikuwa amevua kofia. "Mama, mimi sikufika mjini. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi. Waasi waliniamsha na bunduki: pika uji! Nikapika. Baadaye wakaja waliotumwa kuwashika, nao na bunduki zao: pika chai! Nikapika. Jioni nikatiwa pingu na aproni bado iko kiunoni. Nilikaa ndani miezi mingi, niliporudi hapa hata sufuria sikutaka kuiona."

"Ndiyo nasema alikuwa jeshi!" Barasa akadakia, na watu wakacheka, hata Kui akacheka huku anajipangusa macho.

Gladwell alitabasamu. Aliamini kila neno. Lakini mkono ulikataa kwenda kwenye sahani, ukakaa mapajani kama mtoto mkaidi. Wamalwa akainamisha kichwa.

Mzee Wekoye akasimama, akaichukua ile sahani kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, unafanya nini?" Barasa akang'aka. "Mila je?"

"Mila iko. Lakini chakula cha kuogopa nakijua, nilikipika. Hapa kwangu hakuna mtu atakula akitetemeka. Mama Kui, rudi Kitale na amani. Ukija siku ingine, kuku yuko. Usipokuja, sitakulaumu, na kijana wangu nitamwambia asikulaumu."

Gladwell akamtazama. Hakuna mtu wa magwanda aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kukataa. Na huyu alikuwa akisema hivyo huku ameshika sahani kwa uangalifu, mchuzi usimwagike.

"Rudisha," akasema.

"Mama?"

"Si nasema urudishe? Nimetoka Kitale na chai ya rangi peke yake. Utaninyang'anya kuku nikiwa bado naongea na Mungu?"

Kimotho akameza, ikasikika nyumba nzima. "Asante Yesu," akasema.

Fridah akapiga kigelegele. Wekoye akarudisha sahani, na kwa furaha akachukua firigisi kutoka sahani yake mwenyewe, akaiweka juu ya ugali wa Gladwell.

Barasa akashika kichwa. "Hapana! Hiyo ni ya mwenye boma! Tangu lini mwanamke akapewa firigisi?"

Watu wa Malakisi wakaanza kubishana, huyu anasema mambo ya zamani yaachwe, yule anasema basi ikatwe vipande viwili. Walipogeuka kumwuliza Gladwell maoni yake, alikuwa anatafuna, macho ameyafumba kwa utamu.

"Wazee, msijisumbue," Kimotho akawaambia. "Hiyo imeshaenda Kitale."