Benchi Lenye Mguu Mfupi

Kanisa letu la Kimethodisti hapa Newala lilianza na mabenchi kabla ya paa. Waumini wa kwanza walisali uani kwa mtu, kila familia ikija na benchi lake. Kanisa lilipojengwa, mabenchi yakaingia ndani, na desturi ikabaki kwamba benchi ni mali ya familia. Letu baba alilichonga mwenyewe. Mguu mmoja ulitoka mfupi, kwa hiyo tulipoinuka kuimba liligonga sakafu. Binti wa benchi la mbele yetu aligeuka kila mara, tukatazamana tukibana midomo tusicheke.

Tulikuwa wachache tangu zamani. Waanglikana walitutania kwamba mchungaji wetu akialika kanisa zima chai, birika moja linatosha. Kisha tukazidi kupungua. Mmoja alihamia Masasi, mwingine alichoka kusali na watu wale wale. Hakuna aliyeaga. Tulikuta tu Jumapili sakafu tupu mahali palipokuwa na benchi. Hata familia ya yule binti iliondoka na lake.

Mama alizifagia nafasi hizo kama kawaida, na hakutaka tusogee kuziziba. "Wenyewe wakirudi watakaa wapi?" alisema.

Mwaka huu mama amefariki, hospitalini Ndanda. Sikuona tena maana ya kwenda kanisani bila yeye. Niliamua kimoyomoyo kwamba matanga yakiisha nitalibeba benchi letu nyumbani.

Msibani mabenchi ya kanisa hayakutosha. Yule binti, sasa mama mtu mzima na jirani yetu, akaleta lile la kwao. Tulipotoka kuzika alikuja kulichukua, akamkuta mtani wetu, mzee wa Kiyao, Mwislamu, amejilaza juu yake.

"Baba, inuka, nabeba benchi langu."

"Lako tangu lini? Marehemu kakufagilia nafasi mpaka mgongo umepinda. Wewe umefagia nini?"

"Jamani, mtani gani huyu!"

"Huyu huyu. Mmebaki wangapi? Mnaimba kama kuku walionyeshewa. Benchi linatangulia kanisani. Ukilitaka, lifuate Jumapili."

"Mbona wewe huendi?"

"Mimi nina msikiti. Wewe una benchi."

Mtani hakasirikiwi msibani. Watu walicheka, naye mwenye benchi akacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mabenchi yote yakarudishwa kanisani, na lake likawekwa mbele ya letu, palepale pa zamani.

Jumapili ya kwanza hakuja. Nilikaa peke yangu nikilitazama. Ya pili alikuja amechelewa, akakaa ukingoni kama mgeni. Tulipoinuka kuimba, benchi letu liligonga sakafu. Akageuka. Alikuwa amebana midomo.

Benchi letu sijalibeba.