Cherehani ya Mama

Nikiwa mwaka wa pili masomoni ughaibuni, nilimwambia mama kwamba Jumamosi nzima ningejifungia chumbani kusoma. Uongo mtupu. Asubuhi nilipanda treni na wenzangu tukaenda kwenye tamasha, watu wamejaa hadi pa kukanyaga hakuna.

Muziki ulipopamba moto, simu ikaita. Nikapokea kwa mazoea, mjinga mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kelele hivyo?"

"Majirani hao."

"Hawana adabu! Pole, baba. Wewe soma tu."

Nyuma yake nilisikia cherehani ikilia, ile ile iliyonisomesha.

"Ngoja na hii niisimamishe," akasema, "nisije nikakuzidishia kelele."

Ikanyamaza. Na mimi hapo nimeshika puto, uso umepakwa rangi.