Dona Iracilda na Nguva Aliyezoea Hodi

Dona Iracilda hakuwa anamsemesha Farofa hata neno moja, na hilo alijisifia kijiji kizima. Daktari alishamwambia: nguva yatima ukimsemesha, ukimpapasa, ukimfanya mwanao, basi umemmaliza. Siku akirudi ziwani atamfuata binadamu yeyote kama anamfuata mama yake, na kuna binadamu wanaotembea na chusa. Kwa hiyo Iracilda, mwanamke ambaye hata sufuria anaipigia stori, akafunga mdomo. Anashika chupa, maziwa yanaisha, anaondoka. Kimya, yaani kama yuko kanisani.

Farofa, mtoto wa nguva wa maji baridi, aliletwa ndani ya beseni la kufulia. Alikuwa amenasa kwenye wavu wa mtu, mama yake hayupo, na kila mtu pale kijijini Santa Rufina alijua kwa nini hayupo ila hakuna aliyetaka kulisema. Kalikuwa kadogo, kana alama ya kamba mkiani, kanalia kwa sauti nyembamba kama mlango uliokosa mafuta. Nyumba ya Iracilda ilikuwa inaelea juu ya magogo pembeni kabisa mwa kijiji, mahali maji yametulia. Mume alishafariki, watoto wameolewa mbali. Basi kizimba cha mbao kikafungwa majini nyuma ya nyumba yake, na Heloísa, daktari wa wanyama kutoka mjini Tefé, akamfundisha kuchanganya maziwa yasiyoliharibu tumbo la nguva. Jina walitoa watoto wa kijiji. Kila akinyonya alikuwa anamwaga nusu, mapovu kila kona, kama mtu aliyepaliwa na unga wa muhogo wa kukaanga, ule wanaouita farofa. Farofa! Likamganda hivyohivyo.

We, akakua! Akaacha chupa, akaanza kula majani yanayoelea, akanenepa akawa kama gunia lenye mapezi, na lile baka jeupe la kifuani likatanuka mpaka raha. Maji ya ziwa yalipoanza kupanda na kuingia msituni, Heloísa akaja na mkanda wenye kiredio cha kuonyesha alipo, wa kumfunga mkiani, akasema wakati umefika. Wiki hiyohiyo anaachiwa.

Sasa siku hiyo ndiyo akatokea Juvêncio, shemeji yake Iracilda, kaka wa marehemu. Msimu mzima alikuwa kwa binti yake mjini. Zamani huyu mzee alikuwa mwindaji wa nguva, tena yule wa kuogopwa, mpaka alipoacha mwenyewe kwa sababu alichoka kuota ndoto mbaya. Wageni wengine wote hufikia mlango wa mbele, ila yeye alikuwa na hamu ya kumwona mnyama, akazungukia nyuma. Akafanya kinachofanywa na kila mtu mwenye adabu kwenye ziwa lile: akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi. Ngo, ngo, ngo. Pale ukifika kwa mtu bila kugonga, we ni mwizi au hukulelewa.

Farofa akaja mbio. Akajibandika kwenye mbao za kizimba, pua juu, mdomo wazi.

"Shemeji!" Juvêncio akacheka. "Kumbe mnyama wako ananijua!"

"Akujue wewe kwa lipi?" Iracilda akamjibu kutoka jikoni. "Wajukuu zako wenyewe wanajifanya hawakujui."

Juvêncio akagonga tena. Farofa akageuka tumbo juu, akatafuna hewa, ndevu zinacheza. Hapo kicheko kikamkauka mzee.

"Iracilda, njoo. Na wewe Doktora, njoo uone." Akaiweka kafi chini polepole. "Mimi enzi zangu nilikuwa nakaukia juani kutwa nzima nikisubiri nguva mmoja atoe pua. Huyu nagonga tu, anajileta. Anajileta na mdomo wazi!"

Heloísa akamgeukia Iracilda. "Mama, ulikuwa unagonga mtumbwi ukimletea maziwa?"

"Sijawahi kumsemesha!"

"Sijauliza kumsemesha."

"Sasa Doktora," Iracilda akasema, sauti imeshapungua, "ningeingiaje kwa mwenyewe bila hodi?"

Ziwa lote lile, kila mvuvi anagonga mtumbwi akipita kwa jirani. Farofa angeanza kuzunguka mlango kwa mlango akidai maziwa, na mlango mmoja tu mbaya ungetosha. Heloísa akasema haachiwi. Maji bado yatakaa juu kwa muda, watajaribu kumsahaulisha. Asiposahau kabla maji hayajashuka, anapelekwa mjini Manaus kwenye tangi la saruji, na huko ndiko atakakozeekea.

Iracilda alikaa kwenye gogo, miguu majini, akijiona mjinga wa dunia nzima. Alifunga mdomo wake miezi yote ile, kumbe mkono ndio ulikuwa unapiga domo!

Juvêncio ndiye aliyekuja na wazo. "Kilichomfundisha ni kule kugonga kunakokuja na chakula. Basi tugonge, asipewe kitu. Wote."

Santa Rufina nzima ikaanza kugonga. Waendao kuvua wanagonga, warudio wanagonga, kina mama wa kufua wanagonga, watoto ndio usiseme, walifurahi kama wamepewa ngoma. Majani yake yakawa yanaingizwa kimyakimya upande wa pili, na mtu anayeogelea, bila mtumbwi. Mwanzoni Farofa alikuja kwa kila mmoja. Anakuja, anasubiri, anawatazama kwa vile vijicho vyake, anazama. Baadaye akawa anakuja nusu njia. Baadaye hata hageuki.

Ila kwa Iracilda alikuja. Mkono wake aliujua: mbili za haraka, moja imechelewa. Akigonga hivyo, Farofa huyo!

"Badilisha mapigo," Iracilda akaomba. "Au mimi nisigonge tena, yaishe."

"Halafu jirani mmoja agonge kama wewe kwa bahati mbaya?" Heloísa akamshika bega. "Ni wewe, mama. Lazima iwe wewe."

Basi kila asubuhi mwanamke akapanda mtumbwi wake, akagonga, Farofa akaja na mdomo wazi, na yeye akakaa pale mikono mitupu akitazama pembeni. Kahawa ikawa haipiti. Samaki wa kuchoma anamgusagusa tu. Juvêncio akimletea utani anamrushia kitambaa cha vyombo. Mpaka asubuhi moja akagonga, kimya. Akagonga tena, kwa nguvu. Farofa alikuwa kona ya mbali anatafuna majani, mgongo umegeuzwa kabisa, kama mke aliyenuna.

"Hata kunitazama!" Iracilda akapiga kelele, anacheka na kufuta pua kwa pamoja. "Doktora! Hata kunitazama!"

Wakamfunga mkanda, wakaondoa mbao za mbele. Farofa akachungulia, akarudi, akachungulia tena, halafu maji yakajikunja mara moja na kizimba kikabaki kitupu. Kijiji kikashangilia. Iracilda peke yake ndiye hakushangilia, kwa sababu Juvêncio, domo lake hilo, alikuwa ameshasema, "Hapa alikuwa ameshiba. Huko njaa ikimbana je?"

Neno hilo likamkaa. Maji yalipofika juu kabisa, Heloísa alirudi na antena yake kumtafuta Farofa, na Iracilda akajipakia kwenye mtumbwi wake wa injini bila kualikwa, kafi mkononi. Juvêncio akashika usukani, chakula cha mchana, samaki na unga wa muhogo, kikiwa miguuni pake. Wakaingia katikati ya miti iliyozama, antena ikilia tii, tii, kisha tiitiitii. Heloísa akanyoosha kidole: yuko hapohapo, kwenye yale majani.

"Nizime injini?" Juvêncio akanong'ona.

"Zima."

Iracilda akashusha pumzi, akagonga. Mbili za haraka, moja imechelewa.

Hakuna kitu. Akagonga tena, akagonga mpaka ndege wakaruka. Mbele kidogo pua ikatoka, pwaa, ikavuta hewa. Pembeni yake ikatoka pua nyingine, kubwa zaidi, ya nguva ambaye hakuna mtu aliyemfunga mkanda wala kumpa jina. Zote mbili zikazama, na majani yakaanza kutikisika kuelekea msituni, taratibu, mbali kabisa na mtumbwi.

Heloísa alikuwa anacheka huku ameziba mdomo. Juvêncio akavua kofia.

"Umedharauliwa, shemeji."

"Kabisa!" Iracilda akaiweka kafi chini, akajinyoosha kwenye ubao kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Wamenidharau wawili! Haya, fungua hicho chakula. Na unga wote ulete huku, msianze kunipimia."