Yaya anayejifunza kuweka mikono mfukoni

Saa tatu kasoro asubuhi, darasa la watoto wa miaka minne limebaki na watu watatu. Wengine wote wako uwanjani na mwalimu msaidizi, na kelele zao zinaingia dirishani. Ndani, msichana mdogo amekaa sakafuni, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine hewani. Mbele yake, juu ya kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya makalio madogo kuliko yake, amekaa mwanamke wa miaka arobaini na sita. Mikono yake yote miwili imezama ndani ya mifuko ya aproni. Nyuma, karibu na kabati la vifaa, mkufunzi wa chuo amekunja nne, kalamu mkononi.

Msichana anavuta mkanda wa kiatu. Unateleza. Anavuta tena, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

Kwa asiyejua, mwanamke huyo anaonekana mvivu wa kutupwa. Kumbe anafanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na leo ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Wenzake chuoni, ambao wengi wao angeweza kuwazaa, wanamwita Mamkubwa. Anasomea malezi na elimu ya watoto wadogo, mwaka wa pili. Kabla ya hapo alikuwa yaya kwa miaka kumi na tisa, akalea watoto wa nyumba nne. Anavijua vilio vyote: cha njaa, cha usingizi, cha kudeka, na kile ambacho hata mwenyewe mwenye kulia hajui analilia nini. Anaweza kumvalisha mtoto soksi huku jicho moja liko kwenye sufuria.

"Kwa yaya, mtoto akilia ujue kibarua kinakaribia kuota nyasi," anasema akicheka. "Mwenye nyumba akirudi anataka amkute mtoto msafi, ameshiba, ametulia. Hakuna anayekuuliza huyo mtoto leo amejifunza nini. Kwa hiyo mikono yangu ilizoea kufika kabla mtoto hajataka."

Chuoni aliingia kifua mbele. "Nilijua nafuata cheti tu. Kulea nimeanza wakati baadhi ya hawa wakufunzi bado wanavalishwa nepi."

Kiburi hicho kiliisha muhula uliopita, siku ya kupimwa mazoezi ya kufundisha. Watoto walikuwa ishirini na wawili, na somo lilikwenda kama maji. Makamasi yalifutwa kabla hayajafika mdomoni. Vifungo vilifungwa. Nyumba walizochora watoto zilipata milango, jua likapata miale. Aliyeanza sentensi alimaliziwa. Hakulia hata mmoja, na Mamkubwa akatoka darasani akijipongeza kimoyomoyo.

Mkufunzi alimwita wakakae kwenye benchi la nje.

"Darasa lako limefanya kazi nzuri sana," alimwambia. "Tatizo ni kwamba kazi yote umeifanya wewe."

Alifeli. Chuo kinamruhusu mwanafunzi kurudia mara moja tu. Akianguka tena anafungasha virago, na ile nafasi ya kudumu aliyoahidiwa na mwalimu mkuu wa shule hii inakwenda kwa mwingine.

"Kufeli kuliniuma, lakini kilichonimaliza ni kuwafikiria wale watoto niliowalea," anasema, na sauti inashuka. "Niliwapenda, Mungu anajua. Nikajiuliza, hivi katika kuwapenda kwangu niliwanyima mambo mangapi? Nililia siku hiyo."

Nyumbani hakupata huruma aliyoitegemea. Mumewe, fundi seremala mwenye utani mwingi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kwa kidevu kijana wao wa kwanza, fundi pikipiki wa miaka ishirini na nne, aliyekuwa amekaa mezani anasubiri kupakuliwa.

"Mama watoto, ushahidi si huo hapo?" alisema. "Anafungua injini nzima na kuirudisha, lakini sahani zinakaa wapi hajui."

"Sasa baba, mimi nimeingiaje kwenye mitihani ya mama?" kijana akalalamika. Siku hiyo alijipakulia mwenyewe, kwa kununa.

Mamkubwa alichukua aproni yake ya darasani, akaishonea mifuko miwili mirefu. Sheria akajiwekea mwenyewe: mtoto akiwa anajaribu, mikono inaingia mfukoni na mdomo unafungwa.

"Mwanzoni ilikuwa kama kuzuia chafya," anasema.

Watoto hawakukawia kuliona jambo hilo. Wakambandika jina la Mwalimu Mifuko, na baadhi yao wakaanza kutembea darasani mikono mfukoni, kwa mwendo wa wakubwa wanaokagua mradi.

Aliyemtoa jasho ni Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi shavuni, mtoto pekee kwao. Kila asubuhi baba yake humleta amembeba, humvua viatu mlangoni, humpangusa hata pasipo na vumbi. Wakati wa kwenda uwanjani ukifika, Kidoti hunyoosha mguu na kungoja mtu aje. Na siku zote mtu alikuja.

Wiki ya pili ya muhula, mtu hakuja. Kidoti alilia kwa sauti ya kuitisha majirani, na Mamkubwa akabaki amesimama mbali, mikono mfukoni, akiona kwamba anatii sheria. Bahati mbaya baba alikuwa amerudi kuleta chupa ya maji iliyosahaulika.

"Mwalimu, mtoto anahangaika hivi na wewe umesimama unamtazama?"

"Namsubiri, baba."

"Unamsubiri au unamtesa?"

Aliinama, akamvalisha mwanawe, kisha akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Jioni Mamkubwa aliitwa ofisini. "Leo nimekutetea," mwalimu mkuu alimwambia. "Akirudi na malalamiko hayo hayo, sitakuwa na la kumjibu."

Mamkubwa hamlaumu yule baba. "Alikuwa na haki yake. Nilikuwa nimetoka upande mmoja nikaangukia wa pili. Mtoto alijiona ametupwa." Kuanzia siku iliyofuata akaongeza vitu viwili kwenye sheria yake. Alikaa karibu, chini, usawa wa macho ya mtoto. Na aliacha mdomo useme maneno machache tu: "Niko hapa. Ukinihitaji, niambie."

Ndiyo maana leo amebanana kwenye kiti hiki, na mkufunzi nyuma yake anatazama saa. Darasa zima lilipaswa kuwa nje tayari. Kidoti anavuta mkanda kwa mara nyingine, unateleza kwa mara nyingine, naye anakikamata kiatu na kukitupa hadi chini ya meza.

Kidevu cha Kidoti kinaanza kutetemeka. Ndani ya mifuko, vidole vya Mamkubwa vinafinya kitambaa. Sekunde chache tu zingetosha: kiatu, mguu, mkanda, uwanjani, na muda ungeokolewa.

"Niko hapa," anasema polepole.

Kidoti anamtazama. Anavuta makamasi ndani, anatambaa hadi chini ya meza, anarudi na kiatu chake. Anaingiza mguu. Anaupata mkanda kwa mkono mmoja na kile kichuma cha kufungia kwa mwingine, na hapo anagundua kwamba anahitaji mkono wa tatu.

"Mwalimu Mifuko, shika hapa."

Mkono mmoja unatoka mfukoni. Mamkubwa anashika ncha ya mkanda kwa vidole viwili, pale pale alipoonyeshwa, wala hasogezi. Kidoti anasukuma kichuma, kinakosa tundu, anasukuma tena. Kinaingia.

Anasimama, ametanua mikono. Kiatu cha kushoto kiko mguu wa kulia, cha kulia kiko wa kushoto. Mamkubwa ameona. Mkufunzi ameona. Hakuna anayesema neno.

Kidoti anakwenda mpaka mlangoni, anasimama, anatazama chini.

"Vimenuniana," anasema, kisha anakaa chini na kuanza upya.

Dakika kadhaa baadaye mkufunzi na Mamkubwa wamekaa kwenye benchi lile lile la nje.

"Leo darasani umefanya nini?" mkufunzi anauliza.

"Nimeshika mkanda wa kiatu."

"Na ndicho ulichoombwa." Mkufunzi anafunga kalamu. "Umefaulu."

Mamkubwa anajifunika uso kwa aproni na kulia kwa raha, na watoto watatu wanakuja mbio kumuuliza ameumia wapi.

Mchana baba yake Kidoti anafika kumchukua mwanawe. Kama kawaida anachuchumaa, anakamata kiatu. Kidoti anakivuta.

"Baba, mikono mfukoni."

Baba anamtazama Mamkubwa. Mamkubwa anatazama dari. Hatimaye mwanaume anainuka, anaingiza mikono kwenye mifuko ya suruali, na wawili hao wanasimama mlangoni bega kwa bega, wanangoja. Inachukua muda. Kiatu cha pili kikifungwa, baba anageuka upande kidogo na kufuta jicho kwa bega, maana mikono bado hajaitoa.

Muhula ujao Mamkubwa anaanza kazi hapa. Lakini ndoto yake imekaa nyumbani, kwenye chumba cha uani ambacho zamani kilihifadhi mbao. Anataka kukifungua kwa watoto wa mayaya, wale ambao mama zao wanaondoka asubuhi kwenda kulea watoto wa wengine.

Mumewe ameshaanza kumtengenezea samani. Benchi la kwanza alikosea vipimo, likatoka la watu wazima. La pili likatoka fupi kama linavyotakiwa. "Hili nimewatengenezea paka," fundi alisema, akijiandaa kulipasua lile refu kwa kuni.

Mamkubwa alimzuia.

"Hilo liweke mlangoni," alimwambia. "Mama zao nao watahitaji pa kukaa wakati wanasubiri."