Siku Ishirini na Nane za Mama Maji

Saa moja asubuhi, Mama Maji yuko peku juu ya dari ya zege, ndoo mkononi. Analowesha magunia aliyoyatandaza, kisha anayakanyaga moja moja. Ni siku ya tisa tangu zege limwagwe. Chini yake, miti arobaini na miwili imesimama wima ikiishikilia dari.

Jina hilo alibandikwa na vibarua wake. Siku ya kumwaga zege huwanyima maji ya kulilainisha. Likishaganda, hushinda akilinywesha.

"Siku ile tulimlilia kopo moja tu, koleo lipite," anasema mmoja wao. "Alitukodolea macho kama tumemwomba figo!"

"Maji ya siku ile yanakupunguzia wewe kazi, na zege yanalipunguzia nguvu," anajibu fundi huyo wa miaka hamsini na miwili. "Ya leo ndiyo chakula chake."

Hakuzaliwa na msimamo huo. Miaka kumi na mitatu iliyopita alimjengea dada yake kibaraza chenye paa la zege. Vibarua walilalamika, akawaongezea maji. Siku ya kumi shemeji akataka miti iondolewe, akaiondoa. Hakuna aliyeumia, ila paa lilibonyea katikati na ufa ukapita kutoka ukuta hadi ukuta.

"Dada hajanisema hata siku moja," anasimulia. "Nikienda ananikaribisha chai ndani. Kibarazani hatukai."

Kabla ndoo haijaisha, mwenye nyumba anaingia. Ni mwalimu mstaafu, na nyuma yake yuko seremala mwenye nyundo. Anataka miti itoke leo, tangi la maji lipandishwe juu.

"Mama, hebu gonga usikie. Si jiwe hili?"

"Usoni jiwe, Mwalimu. Tumboni bado bichi. Tulikubaliana siku ishirini na nane."

"Wenzako wanatoa siku ya saba. Nikitaka, nawaita hao."

"Waite. Mimi nakaa hapa hapa juu, wewe simama chini ya dari, seremala agonge mti wa kwanza."

Seremala anateremsha nyundo. "Jamani, na mimi nitakuwa wapi? Mbona siulizwi?"

Mwalimu anaitazama dari, anaitazama miti. Mwishowe anatoa chaki mfukoni, maana hajaacha kutembea nayo, anaandika tarehe ya siku ya ishirini na nane kwenye mti ulio karibu na mlango, na kuipigia mstari. Tangi litangoja uani.

Mama Maji anarudi kwenye magunia yake. Kiangazi kijacho atalibomoa paa la dada yake na kulimwaga upya. Ameshamwambia.

"Kaniuliza, 'Na vibarua wakilia maji?' Nikamwambia kopo utalikalia wewe, dada." Anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Siku ya ishirini na tisa, chai tunanywea kibarazani."